Mashine ya Kujalidi: Tununue Ipi?



Wengi wenu mtakumbuka yaliyotokea katika Mkutano Mkuu uliopita. Hesabu za mwaka ziligawiwa kwa kila aliyehudhuria, zimebanwa kwa pini mbili pembeni, na tulipofika kwenye matumizi ya majamvi na magunia baadhi ya wanachama wakasema kuwa hawauoni ukurasa wa 9. Wengine walikuwa nao. Mzee mmoja akasimama, akauliza kwa upole, lakini kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, ukurasa huo umekwenda na nani. Hatukuwa na la kujibu. Ukweli ni kuwa nakala zile zilikaa kabatini masika yote, pini zikashika kutu, karatasi zikachomoka, nasi tukazigawa bila ya kuzihesabu. Kosa lilikuwa la ofisi na tumekwisha kuliomba radhi. Lakini kosa la pini liligeuka kuwa tuhuma ya fedha, na tuhuma ya fedha katika chama cha wakulima haitoki upesi.

Kwa sababu hiyo Kamati imekubali kutenga fedha kidogo za kununua mashine ya kujalidi, hii ambayo madukani huitwa mashine ya baindi. Rai zimekuwa nyingi kuhusu ipi ya kununua. Nasi tunayo yetu, na twapenda kuitoa hapa kabla ya mkutano ili kila mtu aipime nyumbani kwake.

Twaona lililo muhimu ni kujua kwanza tunajalidi nini. Hesabu za mwaka hujalidiwa mara moja, nakala 40 hivi, zikaisha. Lakini kazi kubwa ya ofisi yetu si hiyo. Kazi kubwa ni nakala za risiti za kuuzia karafuu, hati za mikopo ya kuchumia, na orodha za pishi za wachumaji. Karatasi hizi haziji siku moja. Huyu huleta risiti yake leo, yule wiki ijayo, na mwengine huja msimu umekwisha, akiitoa kwenye mfuko wa shati imekunjwa mara nne. Kitabu cha namna hii chataka kufunguliwa, kutiwa karatasi mahali pake, kisha kufungwa tena. Hapo ndipo uamuzi wote ulipo.

Ziko mashine za gundi. Jalada lake lina gundi kavu mgongoni. Karatasi hupangwa ndani yake, mashine ikalipasha moto, gundi ikayeyuka na kushika. Kitabu hutoka kizuri mno, mfano wa kitabu cha dukani. Lakini kikishashika hakiongezwi karatasi hata moja, majalada yake huuzwa kwa unene mbalimbali, na bila ya umeme mashine hiyo ni sanduku tu. Ni kweli kuwa tangu 2010 Pemba yapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na tumeshukuru. Lakini wenzetu wa Unguja walikuwa na waya wao wa baharini kabla yetu, na mwaka 2008 walikaa kizani kiasi cha mwezi mzima, kisha tena tangu Desemba 2009 kwa miezi mitatu. Ofisi ndogo isijifunge na umeme kwa kazi iwezayo kufanywa kwa mkono.

Ziko za waya. Hizi ni za mkono, na kitabu chake hulala wazi juu ya meza bila ya kujifunga, jambo lipendezalo kwa msomaji. Lakini waya ukishabanwa, kuufungua ni kuukata. Na ingawa hupakwa rangi, rangi ikikwaruzwa hewa yetu ya chumvi huuona upesi. Tumekwisha kusumbuliwa na kutu ya pini. Hatuna haja ya kununua nyengine.

Yabaki mashine ya kitana. Twaiita hivyo kwa kuwa ule mgongo wa plastiki una meno kama kitana, nayo hupita katika matundu ya pembe nne, 21 kwa karatasi ya A4. Mashine hutoboa, kisha huyavuta meno yakafunguka, karatasi zikavishwa, yakaachiwa yakajikunja. Ukitaka kuongeza karatasi wayavuta tena. Kitana kikibaki kizima hutumika kwa kitabu chengine. Hakili umeme wala hakishiki kutu. Adui yake ni jua, maana kikiachwa dirishani hukauka na kuvunjika meno. Hii ndiyo tunayoitaka, na ndiyo ya bei nafuu kuliko hizo nyengine mbili katika maduka tuliyouliza.

Sasa, hata ndani ya mashine za kitana mna za kununua na za kuziacha. Muuzaji atakuambieni kuwa mashine yake ndogo yatoboa karatasi 12 kwa mara moja. Mwacheni aseme, kisha mwambieni atoboe mbele yenu, kwa karatasi zenu mlizokwenda nazo. Mkono ukiwa mwembamba au wa plastiki tupu, hiyo 12 ni ya siku ya kwanza tu. Hesabu za mwaka zenye karatasi 60 kwa nakala 40 ni karatasi 2,400. Mkitoboa kumi kumi ni kuuvuta mkono ule mara 240, na hiyo ni kazi moja tu katika mwaka. Afadhali mashine nzito kidogo, yenye mkono wa chuma, tukaipa nusu ya ilichoandikiwa.

Jengine ni meno ya kutobolea. Yatakikana yawe ya kuvutika, yaani mtu aweze kuliondoa jino moja lisitoboe. Risiti zetu nyingi ni za A5, nusu ya karatasi ya kawaida, na mashine isiyo na hayo huzikata tundu la mwisho nusunusu, karatasi ikaanza kuchanika hapo hapo. Tena mashine iliyotumika ikitoka Marekani yaweza kuwa imetengenezwa kwa karatasi za huko, zilizo fupi kuliko A4, zenye matundu 19. Ni rahisi kweli, lakini karatasi zetu zitaigomea. Na trei ya vipande itoke kwa wepesi, maana vipande vikijaa mashine hukwama na mtu hulaumu chuma bure.

Bei ya mashine ni ya mara moja. Vitana ndiyo mafuta ya taa. Kabla ya kulipa yafaa tuulize kama vitana vyapatikana Chake Chake au lazima vitoke Unguja. Tusinunue vya kila ukubwa. Vya milimita 6 hushika karatasi 20 hivi, vya 10 hushika 50 hivi, na hivyo viwili pamoja na vya 16 vyatutosha. Vimo hata vya milimita 51, lakini kitabu cha unene huo hakishikiki. Heri kukigawa viwili.

Baadhi ya wajumbe wamesema: kwa nini tusipeleke dukani tukajalidiwa? Kama zingekuwa hesabu za mwaka peke yake, tungekubali bila ya ubishi. Lakini hati za mikopo zina majina ya watu na madeni yao, na si vyema deni la mwanachama lisomwe na kila anayengoja nakala yake dukani.

Liko neno moja ambalo twalisema kwa mkazo. Mashine hii hutoboa. Hati za asili zisitiwe ndani yake kabisa. Wako kati yetu wenye hati za eka tatu zilizogawiwa wazee wetu baada ya Mapinduzi ya 1964, nyengine zimekwisha kufifia wino, na warithi ni wengi. Hati hiyo itolewe nakala, nakala ndiyo itobolewe na kuwekwa ofisini. Ya asili irudi kwa mwenyewe ndani ya bahasha kavu. Nalo daftari la wanachama tusilitie kitana. Hilo ni la miaka na miaka, na kitu cha miaka hushonwa kwa uzi, kama walivyojua waliojalidi misahafu ya zamani. Tutamtafuta mjalidi, hata kama ni wa Unguja.

Mkutano utaamua. Anayejua mashine iliyo nzuri, au ambaye mwanawe ana duka la vifaa vya ofisi, atuletee bei kwa maandishi kabla ya siku hiyo. Na wale waliokosa ukurasa wa 9, uko juu ya meza ya ofisi, waje wauchukue.