"Ni Hadithi Tu" Si Utetezi

Kila nikilitaja jambo hili tukiwa kwenye mazungumzo ya vitabu, kuna mtu atanikatiza: "Lakini si ni hadithi tu?" Juzi nimekatizwa tena, na rafiki yangu anayesoma riwaya kuliko mimi. Nikanyamaza, maana nilikuwa nyumbani kwake na chai ilikuwa yake. Leo niko kwangu.

Mwaka 2020 Netflix walitoa The Queen's Gambit, tamthilia ya sehemu saba kuhusu Beth Harmon, yatima wa Kimarekani anayecheza sataranji mpaka anawaangusha magwiji wa Kisovyeti mjini Moscow. Siwadanganyi, niliipenda. Niliimaliza kwa siku mbili. Beth ni mtu wa kubuni, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko kwenye maneno machache ya sehemu ya mwisho. Mtangazaji wa mashindano anamtaja mwanamke mwingine, Nona Gaprindashvili, kwa jina lake kamili, halafu anasema eti hajawahi kucheza na wanaume.

Nona si wa kubuni. Alizaliwa Zugdidi, Georgia, mwaka 1941. Mwaka 1962 alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake, akaushikilia hadi 1978. Mashindano yale ya Moscow kwenye tamthilia yamewekwa mwaka 1968. Kufikia mwaka huo, kwa mujibu wa madai aliyoyapeleka mahakamani, alikuwa ameshacheza na wanaume wasiopungua 59, kumi kati yao wakiwa na cheo cha grandimasta. Siku moja mwaka 1965, huko Dorset, Uingereza, alikabiliana na wanaume 28 kwa mpigo. Mwaka 1977 kule Lone Pine, California, aligawana nafasi ya kwanza na wanaume watatu. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha grandimasta. Na kama haitoshi, tamthilia ikamfanya Mrusi. Mgeorgia huyu!

Sasa sikilizeni kinachoniudhi zaidi. Tamthilia imetokana na riwaya ya Walter Tevis ya mwaka 1983, na Tevis hakuandika hivyo. Kwenye riwaya Nona anatajwa kuwa hajafikia kiwango cha mashindano yale, lakini inasemwa wazi kwamba alishakutana na magwiji hao wa Kirusi mara nyingi. Kwa hiyo ukweli ulikuwapo mezani. Kuna mtu aliusoma, akaugeuza kinyume chake.

Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu Beth alitakiwa awe wa kwanza, na nafasi ya kwanza ilikuwa na mwenyewe. Badala ya kumwacha Beth awe wa pili, au kutomtaja Nona kabisa, wakamwondoa mwenye nafasi. Tamthilia inayojinadi kwa kumwinua mwanamke ikamshusha mwanamke aliyeifanya kazi hiyo kwelikweli.

Tuilete nyumbani. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Fikiria mtu aandike riwaya yenye mwimbaji wa kubuni wa Unguja, halafu mhusika mmoja aseme: "Kuna Siti, lakini huyo hajawahi kurekodi." Nani kati yetu angesema ni hadithi tu? Tungeandika mpaka vidole viume.

Wapo watakaosema namfunga mwandishi mikono. Hapana. Mpe Beth mataji yote ya dunia, mwache amshinde yeyote. Buni mabingwa wako wa Kisovyeti, kama Tevis alivyombuni Borgov. Lakini ukichukua jina la mtu aliye hai, unachukua na maisha yake, kwa sababu umelichukua ili msomaji aamini. Huwezi kutumia ukweli wa jina halafu ukakimbilia ubunifu ukiulizwa.

Nona aliuliza. Septemba 2021, akiwa na miaka 80, alifungua kesi Los Angeles. Netflix waliegemea uhuru wa kujieleza. Januari 2022 jaji akakataa kuifuta kesi, akaona kwamba kuwa ndani ya hadithi ya kubuni peke yake hakumkingi mtu na madai ya kashfa. Baadaye mwaka huohuo wakamalizana nje ya mahakama.

Mimi ni mwandishi wa habari na mikono yangu si safi. Nilipokuwa mgeni kazini niliandika kwamba mwalimu mmoja mstaafu alishika nafasi ya pili kwenye mbio za ujana wake. Alikuja ofisini na cheti kwenye mfuko wa plastiki. Kilisema wa kwanza. Hakufoka, alikiweka tu mezani, akasubiri nikisome. Tulichapa masahihisho ya mistari miwili, akakata kipande kile cha gazeti akaondoka nacho.

Ile sentensi imetazamwa na mamilioni, na wengi wao hawatasikia kamwe habari za kesi. Basi walau wewe uliyefika hapa, tafuta mchezo wa Nona dhidi ya Rudolf Servaty, Dortmund, 1974. Ni mfupi. Panga kete zako uucheze hatua kwa hatua, uone alivyomfanya mwanaume yule.