Tamko kuhusu Kuzibua Mishipa ya Moyo Iliyoziba Kabisa

Kamati Tendaji ya chama chetu, kinachowaunganisha madaktari, wauguzi na wataalamu wa radiolojia wanaotibu moyo kwa katheta, inatoa tamko hili kwa sababu ya matangazo yanayowaahidi wagonjwa kwamba mshipa wowote wa moyo ulioziba kwa asilimia 100 utazibuliwa, na umri wao utaongezeka. Ahadi hiyo hatuitambui.

Hatuzungumzii shambulio la moyo. Mshipa unapoziba ghafla, mgonjwa hana muda wa kusoma matamko. Awahishwe hospitali saa hiyo hiyo. Tunazungumzia mshipa uliokaa umeziba kabisa kwa miezi mitatu au zaidi. Mara nyingi misuli inayoutegemea bado iko hai, kwa kuwa vijimshipa vya pembeni huipelekea damu kutoka mishipa jirani. Damu hiyo huweza kutosha mtu akiwa amekaa. Akipanda ngazi, kifua kinabana na pumzi inakata.

Tangu Andreas Grüntzig alipopanua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zürich mwaka 1977, mishipa ya aina hii imebaki kuwa kazi ngumu kuliko zote katika fani yetu. Kizuizi kimekomaa, pengine kimejaa chokaa, na mwanzo wake hauonekani vizuri. Daktari hupitisha waya wa unene wa takriban milimita 0.36 kupitia mkononi au kwenye paja, ukisindikizwa na katheta nyembamba sana. Ukigoma kupenya, huweza kupitishwa ndani ya ukuta wa mshipa, kisha ukarudishwa kwenye njia ya damu mbele ya kizuizi. Ipo pia njia ya kinyumenyume, iliyoendelezwa sana na madaktari wa Japani: waya huzungushwa kupitia vijimshipa vya pembeni hadi kukifikia kizuizi kwa upande wa pili. Njia ikipatikana, puto hupanuliwa na stenti huwekwa. Kabla ya yote hayo, dawa ya rangi huingizwa katika mishipa ya moyo ya kulia na ya kushoto kwa wakati mmoja ili urefu wa kizuizi uonekane. Anayeruka hatua hii anapapasa gizani.

Mikononi mwa wazoefu, kazi hufanikiwa kwa wagonjwa 85 hadi 90 kati ya 100. Matatizo makubwa huwapata takriban watatu kati ya 100: mshipa kutoboka, damu kujaa kwenye mfuko wa moyo na kuubana, hata kifo. Figo nazo huweza kuumizwa na dawa ya rangi, na kazi ikichukua saa nyingi, ngozi huweza kuungua kwa mionzi.

Faida ni ipi? Utafiti wa EuroCTO wa mwaka 2018, wenye wagonjwa 396, ulionyesha kwamba waliozibuliwa walipungukiwa maumivu ya kifua kuliko waliotumia dawa pekee. DECISION-CTO wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 815 barani Asia, haukuona tofauti katika vifo wala mashambulio ya moyo, ingawa karibu mmoja kati ya watano wa kundi la dawa aliishia kuzibuliwa, jambo lililofifisha ulinganisho. Kwa hiyo tunazibua ili mgonjwa apate nafuu. Kurefusha maisha hakujathibitishwa, na anayekuuzia hilo anakuuzia asichonacho.

Tunawataka wanachama wetu wasimguse mgonjwa asiye na dalili kwa sababu tu picha yake inatisha, na wasianze bila vifaa vya kuziba tundu na kunyonya damu kwenye mfuko wa moyo vikiwa chumbani humo. Daktari ambaye hajafundishwa njia ya kinyumenyume amwite mwenzake aliyefundishwa, au amwandikie mgonjwa rufaa. Upasuaji wa kufungua kifua ujadiliwe pia, hasa pale mishipa mitatu inapohusika.

Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari amefanya kazi hii mara ngapi, na ajibiwe kwa namba kabla hajatia saini fomu ya ridhaa.

Imetolewa na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama wote.