Rufaa ya alama moja



Juzi jioni binti mmoja wa hapa mtaani kwetu Picha ya Ndege, Kibaha, alinijia nyumbani simu ikiwa mkononi. Anasoma uuguzi. Matokeo ya muhula yalikuwa yametoka, na katika somo moja alipata 49. Alama ya kufaulu ni 50. "Shikamoo baba," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akauliza: "Nikate rufaa, au nimwachie Mungu?"

Huenda nyumbani kwako yupo kijana mwenye swali kama hilo. Tulitafakari pamoja leo.

Wengi wetu tukisema "namwachia Mungu" huwa tunaficha woga. Tunaogopa mwalimu atatukasirikia au watu watatuona wabishi. Lakini soma Hesabu sura ya 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wakaeleza kwamba wangenyimwa urithi wa baba yao kwa sababu tu hakuacha mtoto wa kiume. Hawakumtukana Musa wala hawakunung'unika kichinichini. Walileta hoja. Musa akaipeleka kwa Bwana, na Bwana akasema binti wale wana haki. Kumbe kuuliza kwa heshima si kukosa imani.

Hapa Kibaha neno rufaa tunalijua vizuri. Mgonjwa akizidiwa zahanati hupewa rufaa kwenda Tumbi, na pengine kutoka Tumbi kwenda Muhimbili. Haendi mikono mitupu. Hubeba barua inayoeleza ameonekana na nini, amepewa dawa gani, na kwa nini anapelekwa mbele. Tena haendi kudai jibu analolitaka yeye. Anakwenda kupimwa upya, na daktari wa juu anaweza kusema yule wa zahanati alikuwa sahihi.

Basi nikamwuliza binti: "Barua yako itasema nini?" Akajibu kwamba maswali ya hesabu za dozi aliyafanya yote, na anahisi ukurasa wa mwisho haukusahihishwa. Nikamwambia hiyo ni sababu. "Nimebakiza alama moja tu" si sababu, ni maumivu. Maumivu tunayapeleka kwenye maombi. Sababu tunaipeleka ofisini, ndani ya siku zilizowekwa.

Kisha nikamwuliza la pili: "Wakisahihisha upya ukapata 47, utasemaje?" Alinyamaza kwa muda mrefu.

Hapo ndipo penye moyo wa jambo hili. Katika Matendo 25, Paulo alipokata rufaa kwa Kaisari alisema kwanza kwamba kama ametenda kosa linalostahili kifo, hakatai kufa. Alitaka ukweli, hata kama ungemwumiza. Anayetafuta ukweli anaweza kukata rufaa kwa amani. Anayetafuta alama tu, hata akishinda hatapata amani.

Maana nyuma ya alama ile yupo mgonjwa. Katika hesabu ya dozi, nukta ikihama nafasi moja tu, dawa inazidi mara kumi. Mtoto aliyelala wodini hawezi kukata rufaa dhidi ya sindano aliyokwisha kuchomwa. Kama kweli hujaiva, kurudia mtihani ni rehema kwako na kwa huyo mtoto. Lakini pia muuguzi anayeogopa kuuliza, "Samahani, hesabu hii ni sawa?" ataogopa kumwuliza daktari siku dozi itakapoandikwa vibaya. Ulimi huo huo unaohitajika chuoni utahitajika wodini.

Iko na njia ya tatu, ambayo mjomba wake alishaitaja: "Namfahamu mtu pale." Ndugu msomaji, bahasha si rufaa. Na mzazi, msikilize binti yako: kuna wanaodaiwa miili yao ili waongezewe alama. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinataja rushwa ya ngono kuwa kosa. Hilo halimwachiwi Mungu kimyakimya, linapelekwa TAKUKURU.

Mama yake, anayeuza vitumbua kituoni, ametoa ada ya rufaa kutoka kwenye mtaji wake. Barua imeandikwa, nusu ukurasa, bila lawama kwa mtu. Majibu bado. Jana usiku nikipita kwao nilimwona barazani, daftari la hesabu za dozi limefunguliwa, anajiandaa kwa mtihani wa marudio endapo utahitajika.

Nadhani huko ndiko kumwachia Mungu: umesema kweli yako, umejiandaa kwa jibu lolote, kisha unangoja.

Jumapili njema.