Kuchangia Tunachangia, Dawa Iko Wapi?

Hatukatai kuchangia matibabu. Tunalisema mwanzo kabisa, maana kila tukilalamika tunaambiwa tumezowea vya bure. Kuzowea tumezowea. Tangu 1965, Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipotangaza matibabu bila malipo, mama zetu wengi wamejifungua hospitali na kurudi nyumbani na watoto wao bila kudaiwa. Lakini sasa watu wameongezeka, na maradhi yaliyotuingia majumbani ni sukari na presha, ya kumeza dawa umri mzima. Gharama hizo tunazielewa. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulipoundwa kwa sheria ya 2023 na kuanza na watumishi wa umma, wengi wetu tulisema heri.

Kinachotuuma ni dirisha la dawa. Mwalimu wa Mwanakwerekwe hukatwa mchango kabla mshahara haujamfika mkononi. Presha ikimpanda, anapanga foleni tangu asubuhi, anaonesha kadi, anaandikiwa dawa tatu. Anapewa mbili. Ya tatu, ile ya ghali, anarudishiwa kikaratasi: kanunue nje. Anavuka barabara hadi famasi na kutoa fedha mfukoni. Ugonjwa mmoja, kaulipia mara mbili.

Na huyo ana mshahara. Wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani, wavuvi wa Malindi, wachukuzi wa Darajani, wao watakatwa nini? Kusi ikivuma, mwenye ngalawa hukaa siku nyingi pwani bila kutia kitu jikoni. Ukimpangia malipo ya kila mwezi mtu asiyepata kila mwezi, unampa deni, na mwenye deni huona haya hata kwenda kutibiwa.

Tusiporidhika, twende kwa nani? Serikali ndiyo yenye hospitali, ndiyo yenye mfuko, ndiyo inayopanga viwango. Hata mgeni hana pa kuchagua: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mtalii mtu mzima analipa dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama amekuja na bima ya kwao. Vijana wetu wanaotembeza wageni ndio wanaoulizwa sababu. Nasi tunauliza: katika dola hizo, ngapi zinafika wodini?

Kwenye baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, wapo wanaosema kampuni binafsi ziachiwe zishindane, bei itashuka yenyewe. Hapo tunatofautiana. Kampuni ya biashara humtafuta kijana mwenye afya. Bibi wa miaka sabini mwenye figo mbovu humkimbia, au humtajia bei ya kumfukuza. Na ya Bara tumeyaona: Machi 2024 hospitali kubwa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa sababu ya mvutano wa bei mpya. Wakubwa walivutana, wenye kadi wakabaki mlangoni.

Ushindani tunaoutaka ni wa huduma. Dirisha la hospitali likikosa dawa, famasi ya jirani itoe kwa kadi ile ile, mfuko ulipe. Mgonjwa aende anakotibiwa vizuri, na fedha zimfuate huko. Hesabu za mfuko, pamoja na dola za wageni, zibandikwe kwa Kiswahili kwenye kila kituo cha afya, tusome wenyewe kilichoingia na kilichotoka. Mchango wa mkulima wa mwani na mvuvi upangwe kwa msimu, nao wakiwepo kikaoni. Asiye na kitu kabisa alipiwe na serikali, bila kudhalilishwa. Na anayepokea malalamiko yetu asiwe mtu wa mfuko huo huo tunaoulalamikia.

Hayo yote yako ndani ya uwezo wa wale tuliowapeleka Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Wayatie katika sheria na kanuni, halafu waje vijijini watueleze. Mpaka siku hiyo tutaendelea kusema, kwa sababu shilingi zinazokatwa ni zetu, na wanaolala wodini ni wazazi na watoto wetu.