VIJANA WATANIA, WAZEE HAWASIKII

Kila mwaka shule za sekondari za Mkoa wa Songwe huwaaga wanafunzi wao kwa zamu mbili. Kidato cha sita huagwa kabla ya mtihani wa Mei, na kidato cha nne kabla ya mtihani wa Novemba. Tunduma, Vwawa, Mlowo, Itumba, Mkwajuni, kote huko maturubai hufungwa, viti huazimwa, wali hupikwa, na wazazi huja na mashada ya karatasi za rangi kuwavika watoto wao shingoni. Ni siku ya furaha, nasi hatuna nia ya kuitia mchanga. Jambo moja tu latushangaza. Siku hiyo vijana husema maneno ya namna mbili. Yale ya kwanza wazee huyapigia makofi, na yale ya pili huyacheka na kuyasahau. Sisi twaona kuwa kweli imo katika yale yanayochekwa.

Maneno ya kwanza ni ya risala. Hapana msomaji asiyeijua risala. Humshukuru mgeni rasmi, hutaja upungufu wa madawati, maabara na mabweni, kisha hueleza matumaini ya wahitimu. Ndipo mmoja mmoja husimama: huyu atakuwa daktari, huyu mwanasheria, huyu rubani, huyu mbunge. Akina mama hupiga vigelegele. Mgeni rasmi huahidi mifuko ya saruji, akapanda gari akaenda zake.

Maneno ya pili ni ya utani. Karatasi ya mwisho ya mtihani ikishakusanywa, vijana huandikiana kwaheri juu ya mashati yao meupe. Mmoja humwandikia mwenzake: "Kwaheri maharage, hatukugombana ila tumechokana." Mwingine: "Hesabu, wewe na mimi tutakutana kwa Mungu." Wa tatu: "Ukiniona ndani ya gari kubwa, ni mimi. Ukiniona kwa miguu, tumefanana tu." Watu hucheka. Lakini hebu tulitazame hilo la tatu mara ya pili. Ni kijana wa miaka kumi na tisa anayetwambia kwa mzaha kwamba hana hakika na kesho yake, na kwamba aona haya kukutwa akiwa mnyonge.

Tena kuna igizo, ambalo halikosekani katika mahafali. Mfano wake ni huu. Wanafunzi wa darasa moja wakutana Tunduma baada ya miaka kumi. Daktari aja na koti lake jeupe, lakini bado angojea ajira. Mwanasheria amekumbatia bahasha ya vyeti. Rubani amekuja kwa bodaboda, tena ya mkopo. Mwisho aingia yule aliyekuwa akishika mkia darasani, mfuko umetuna kwa kwacha za Zambia. Awanunulia wote soda, kisha awauliza kwa upole: "Jamani, ile pembetatu ya Pythagoras mmepata kuitumia wapi?" Hapo uwanja mzima huvunjika mbavu, walimu wakiwa wa kwanza.

Sisi twasema kwamba waliotunga mchezo kama huo wamefanya hesabu ambayo mwandishi wa risala hakuifanya. Tuitazame hesabu yenyewe.

Mwaka 1961, Tanganyika ilipojitawala, wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na katika hao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, wa kidato cha sita walikuwa 830. Watu 176 ni wachache kuliko abiria wa mabasi manne makubwa. Taifa zima liliwangojea hao. Mabwana wa kikoloni walikuwa wakifungasha, ofisi zilibaki wazi, na kijana akimaliza kidato cha sita alijua kiti chake kipo. Mzazi wa siku zile aliyemwambia mwanawe "soma uwe bwana mkubwa" hakumdanganya.

Leo mambo ni mengine. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Mwaka 2024 walioandikishwa kufanya mtihani wa kidato cha sita walizidi 100,000. Hilo ni tunda kubwa la uhuru, na asiyelifurahia hana kumbukumbu. Lakini ndoto tuliyowapa hawa laki moja ni ile ile tuliyowapa wale 176. Tumeongeza madarasa wala hatukuongeza mawazo. Ile kasumba ya mkoloni, kwamba mtu aliyesoma ni yule akaaye nyuma ya meza akapeleka karatasi, imevaa koti jipya tu. Zamani iliitwa ukarani, na leo yaitwa daktari, rubani na mheshimiwa. Hatusemi madaktari wasitakiwe, wanatakiwa sana. Twasema mtoto asiyepata udaktari asihesabiwe kuwa ameshindwa maisha siku ile ile matokeo yanapotoka.

Sasa tuwatazame Songwe wenyewe. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, na katika Sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya 1,300,000. Tunduma ndio mlango wa nchi kwa upande wa Zambia. Shaba ya Zambia na ya Kongo hupita hapo kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mafuta na bidhaa hupita hapo kwenda bara la ndani. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976 nayo ina stesheni hapo Tunduma. Tarehe 5 Oktoba 2019, Rais Magufuli wa Tanzania na Rais Lungu wa Zambia walikizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kijana wa Tunduma hulala na kuamka kwa mngurumo wa malori. Lakini akiulizwa katika mahafali atakuwa nani, ataja urubani, na uwanja wa ndege haumo katika mji wake!

Nani basi atayatoa malori hayo mpakani? Kazi hiyo ni ya wakala wa forodha, nayo si kazi ya kubahatisha. Ina sheria zake, ushuru wake, na mafunzo yake. Cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki hufundishwa katika Chuo cha Kodi, Dar es Salaam. Nani atayatengeneza malori yakiharibika katika mlima? Ufundi wa magari husomwa VETA, na mambo ya uchukuzi husomwa katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Nani atampa mkulima wa Mbozi mche bora wa kahawa usiougua? Kituo cha utafiti wa kahawa kipo pale pale Mbimba, wilayani Mbozi, na wapo wanafunzi waliopita mbele ya lango lake miaka minne bila kuingia ndani hata siku moja. Ileje kuna makaa ya mawe ya Kiwira. Wilaya ya Songwe kuna dhahabu, na Chuo cha Madini kipo Dodoma. Mambo haya yote yapo. Hayatajwi katika risala kwa kuwa hapana aliyewaambia vijana kuwa ni heshima kuyataja.

Twajua atakuwapo wa kutuuliza: je, mwasema yule wa mkia mwenye kwacha alifanya vema? Hapana, hatusemi hivyo, na twaomba tusikiwe vizuri. Mchezo ule una kweli nusu, na nusu ya kweli yaweza kumpoteza mtoto kuliko uongo mzima. Kubadilisha fedha barabarani bila leseni ya Benki Kuu ni kosa la sheria. Anayeifanya kazi hiyo hucheka asubuhi na kukimbia jioni. Isitoshe, kila utaratibu wa mpaka ukitengenezwa, riziki ya vichochoroni hupungua, na mwenye elimu ya kazi hiyo hubaki. Wapo vijana wa Tunduma walioacha shule kidato cha pili kwa kuona noti za mpakani. Siku za kwanza waliwanunulia wenzao soda kama katika igizo. Igizo halituonyeshi mwaka wa kumi na tano, mgongo ukiuma na duka la leseni likiwa limefunguliwa ng'ambo ya barabara.

Na kuna utani mmoja ambao sisi hatuucheki kabisa. Ni ule wa msichana anayeandikiwa kwenye shati, au anayesema jukwaani: "Msinitafute, dereva ananingoja." Wageni huangua kicheko. Lakini kila mzazi wa mji wa mpakani ajua kuwa maneno hayo yana watu ndani yake. Lori hukaa foleni siku moja, siku mbili, siku tatu. Dereva ana fedha na hana haraka. Binti hana nauli na nyumba yao i mbali na shule. Tukicheka hapo twawaambia wasichana kwamba jambo hilo ni la kawaida. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya uzazi waweza kurudi katika shule. Hilo ni jema. Lakini jema zaidi ni bweni lenye kitanda karibu na shule, na mtu mzima mwenye haya ya kutomlipia soda mtoto aliyevaa sare.

Tufanye nini basi? Sisi hatuombi mambo makubwa.

Kwanza, walimu wasingoje siku ya kuaga ndipo wawaulize watoto watakuwa nani. Swali hilo liulizwe kidato cha pili na cha tatu, na liulizwe mbele ya watu wenye kazi zao. Aitwe wakala wa forodha mwenye leseni aeleze alivyoanza. Aitwe mkunga, aitwe fundi wa malori, aitwe bibi shamba, aitwe mkulima wa kahawa aliyesomesha watoto kwa ekari mbili. Saa moja ya mtu kama huyo yashinda hotuba tatu za mgeni rasmi.

Pili, mgeni rasmi naye abadilike. Saruji ni njema, lakini ahadi ya saruji hukauka upesi kuliko saruji yenyewe. Mwenye kampuni ya uchukuzi aseme: nitawachukua vijana watano wakae katika ofisi yangu wakati wakingojea matokeo. Wenye vyama vya ushirika vya kahawa waseme vivyo hivyo. Miezi ile kati ya mtihani na matokeo ndiyo inayowapoteza wengi.

Tatu, wazazi waache kuwapanga watoto kama vikombe vya kabatini, vile vya wageni juu na vile vya nyumbani chini. Mtoto akisema atakwenda chuo cha ufundi, apigiwe vigelegele vile vile. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ya elimu ya juu imetolewa pia kwa baadhi ya masomo ya stashahada. Serikali imekwisha kukubali kuwa njia ni nyingi. Nyumbani ndiko bado wanasema njia ni moja.

Kwenu ninyi vijana tuna neno fupi. Tanianeni. Andikianeni mashati mpaka pasibaki mahali peupe, kwani waliosoma pamoja wakaachana bila kucheka walikuwa na shule ya huzuni. Lakini shati lile msilifue wala msilichome. Litunzeni. Na usiku mmoja, kelele zikiisha, jiulizeni ni utani upi katika huo uliokuwa woga, na ni upi uliokuwa nia ya kweli iliyoona haya kujitaja. Mwenye nia aende akaulize bei yake: ni chuo gani, ni miaka mingapi, ni alama zipi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama si aibu.

Wazee wetu walitufundisha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo naye ana guu, na barabara ya Tunduma ina mashimo. Mahafali mengine yaja. Atakayealikwa na aende, ale wali, acheke sana. Kisha kabla ya kupanda gari, amtafute yule kijana aliyecheza sehemu ya mwenye kwacha amwulize swali moja: "Mwanangu, ukiacha mchezo, wataka kazi gani, nami nikusaidie wapi?" Akae amsikilize mpaka mwisho.