Ng'ombe wa Kwenye Gunia Hakamuliwi

Ingia agroveti yoyote kuanzia Ruiru hadi Thika, au shuka Juja uingie ndani mpaka Theta, utapokelewa na ng'ombe yuleyule. Friesian mweusi kwa mweupe, kiwele kimejaa hadi kinang'aa, amesimama kwenye nyasi za kijani zisizo na mwisho. Yuko kwenye gunia la dairy meal, kwenye bango, wakati mwingine hata kwenye ukuta wa duka. Swali ni moja: anauza nini hasa?

Hauzi chakula. Chakula chenyewe ni unga wa kahawia: pumba, mahindi, mashudu, chokaa kidogo. Ukiupiga picha, mzuri na uliochakachuliwa vinafanana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa vyote viwili vinajitembeza, tena kwa picha moja.

Tazama picha inavyofanya kazi. Kwanza, mbegu. Yule Friesian ametokana na miaka mingi ya kuchagua madume, na damu hiyo haipatikani kwenye gunia. Pili, pozi. Ng'ombe wa maonyesho husimamishwa miguu ya mbele ikiwa juu kidogo ili mgongo upendeze, na hupigwa picha kiwele kikiwa kimejaa. Tatu, malisho. Ng'ombe wa Theta yuko bandani nyuma ya ploti, anakula nepia, mabua na majani yaliyokatwa kando ya barabara. Na maji je? Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji, lakini hakuna gunia linalochora mtungi. Picha inachukua mbegu, malisho, maji na jasho la mtu, kisha inazipa sifa zote kilo 70 za unga.

Usidhani hii ni shida ya watu wa gambuti peke yao. Wewe wa bedsitter unayeongeza pesa kwa yai lenye kiini cha rangi ya chungwa, eti ndilo la kienyeji, umeingia mtego uleule. Rangi ya kiini hutoka kwa mahindi ya njano, majani mabichi, au rangi iliyotiwa kwenye chakula cha kuku makusudi. Mahindi meupe tunayoyapenda karibu hayana rangi hiyo, kwa hivyo kuku mwenye afya kabisa anaweza kutaga kiini kilichopauka. Kiini kinachowaka kwenye bango kinathibitisha rangi, basi.

Lakini uongo mdogo wa picha si ndio unaouma zaidi. Kinachouma ni lawama. Mama mwenye ng'ombe mmoja ananunua gunia, maziwa hayaongezeki. Atamshuku nani? Picha imeshamwambia chakula ni safi. Basi atamshuku ng'ombe, au mkamuaji, au yeye mwenyewe. Msimu ujao atanunua tena, pengine gunia la bei zaidi, lenye kiwele kikubwa zaidi.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna kamera inayokiona: sumukuvu, ile aflatoksini. Haina rangi wala harufu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua, na Thika ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa pamoja na Makueni, Kitui na Machakos. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hupita hadi kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Yaani inaweza kufika kwenye chai yako huku Friesian wa kwenye gunia akiendelea kupendeza.

Kuna watakaosema: kila tangazo hupamba, na wakulima si wajinga. Kweli, si wajinga. Lakini akili bila habari itafanya nini? Mkulima hawezi kupeleka kila gunia maabara. Anachoweza ni kusoma, na kile cha kusoma kimefinywa kwenye kikaratasi kilichoshonewa mdomoni mwa gunia, herufi za kutafutwa kwa tochi.

Kwa hiyo tubadilishane nafasi. Mbele, pale anaposimama ng'ombe, tuwekewe kwa herufi kubwa: protini asilimia ngapi, nguvu kiasi gani, sumukuvu ilipimwa lini na ikapatikana ngapi, kundi namba gani. Ng'ombe aende kwenye kikaratasi. Si ndoto. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilichukua sehemu ya mbele ya pakiti ya sigara ikaipa onyo, na viwanda vikachapisha. Kama mvutaji anastahili kuambiwa ukweli usoni, mtu anayelisha ng'ombe wa maziwa ya watoto wetu anastahili pia.

Mpaka hapo, ukiingia agroveti, geuza gunia kwanza. Uliza tarehe ya kupimwa. Wakikosa jibu, mwache ng'ombe wao hapo ukutani.