Dengu Si Bahati Nasibu

Leo mapenzi tuyaweke pembeni, tuongee mshiko.

Wapo masela wa mjini wanaotupa mtaji kwenye dengu, kisha wanarudi kijiweni kusubiri mavuno. Kweli, dengu ni ngumu: unazipanda mvua zikielekea kuisha, zinajitegemea kwa unyevu uliobaki kwenye udongo mweusi wa mbuga. Ila kujilinda haziwezi.

Mbaya wao ni funza wa vitumba, yule yule anayewaliza wakulima wa pamba. Nondo jike anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000, anayaachia moja moja. Funza mchanga anatafuna majani na maua. Akikua anatoboa ganda, anachomeka kichwa na kula punje, kiwiliwili kikining'inia nje. Hapo dawa nayo humpata kwa shida.

Kwa hiyo, dengu zikianza kuchanua, ingia shambani kila baada ya siku chache. Funza wakubwa okota, wape kuku. Wadogo wapulizie jioni maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Wakizidi, mwone bwana shamba. Usirudie dawa ile ile kila mara, jamaa huyu ni hodari wa kuizoea.

Ukishavuna, kausha sawasawa, hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Fukusi naye anakuvizia ghalani!

Shamba la kusimuliwa halina faida, mshikaji. Panda basi, ukalione. Tukutane wiki ijayo.